Ndugu Mhariri, kipepeo hatiwi kwenye friji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa picha ulikuwa na makala ya kutufundisha sisi tulioko Uingereza namna ya kupiga picha za vipepeo majira haya ya kuchipua. Nilipoona kichwa cha habari nilifurahi mno, maana ni jambo ninalolipenda na sijawahi kulisoma kwa Kiswahili gazetini. Nikasoma mpaka aya ya nne, nikasimama. Mwandishi anashauri kwamba kipepeo akisumbua, mfunike kwa kikombe, mtie kwenye friji dakika kumi, akishapoa mtoe umweke juu ya ua umpige picha utakavyo. Chini yake mmechapa picha ya kipepeo wa njano aliyekaa juu ya ua, mabawa yote manne yamekunjuliwa, na maelezo kwamba "anapumzika" katika bustani moja kusini mwa Uingereza.

Kipepeo yule namjua. Waingereza humwita Brimstone, neno lao la kale la kiberiti, kile cha "moto na kiberiti" katika Biblia, si hiki cha kuwashia jiko. Dume ana njano hiyohiyo. Jike ni mweupe wenye ukijani kidogo, na akipita mbali utadhani ni kipepeo wa kabichi. Jambo la kwanza analojifunza kila anayemfuatilia ni kwamba Brimstone akitua hakunjui mabawa. Huyafumba juu ya mgongo, na yakishafumbwa hugeuka jani kabisa, lenye mishipa na ncha iliyochongoka. Ukiona picha yake amekunjua mabawa, basi ama alikuwa anaruka, ama pana mkono wa mtu. Picha yenu haikupigwa akiruka.

Sidhani kama mwandishi alitaka kumdanganya msomaji. Nadhani hakujua, ndiyo maana naandika bila hasira. Lakini naomba tumfikirie kipepeo yule mmoja. Brimstone anayeruka Machi au Aprili hakuzaliwa mwaka huu. Alitoka kwenye pupa Julai au Agosti ya mwaka jana, akanyonya maua mpaka vuli, kisha akaingia katikati ya majani ya ivy au holly, miti isiyopukutisha, akakaa humo miezi yote ya baridi kali, mvua na barafu. Miongoni mwa vipepeo wa nchi hii huyu ndiye mwenye maisha marefu kuliko karibu wote. Wengi wengine wakishapata mabawa huishi wiki mbili tatu tu. Siku ya kwanza ya jua la kweli anatoka kutafuta mwenzi, na jike anatafuta aina mbili tu za miti midogo ya kutagia, kwa sababu viwavi wake hawali kitu kingine. Huyo aliyevuka baridi yote ile ndiye tunayeshauriwa kumrudisha kwenye friji.

Nina haki ndogo ya kumlaumu mwandishi, kwa maana mimi mwenyewe nimewahi kufanya jambo la namna hiyo, na linaniuma mpaka leo.

Ninafanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya Winchester, katika mkoa wa Hampshire. Mwaka wangu wa pili hapa, mwezi wa Mei, nilimwona kipepeo mweupe kwenye magugu ya kando ya uzio wa kazini. Nilitaka picha ya kumtumia mama. Nikachukua glasi jikoni, nikamfunika. Alipigapiga mabawa humo ndani mpaka akachoka, akatulia, nikapata picha yangu. Nilipoinua glasi, upande wa ndani ulikuwa umepakaa unga. Unga ule ni magamba ya mabawa yake, na yakishatoka hayaoti tena. Bawa moja lilikuwa limechanika ukingoni. Alianguka kwenye majani, sikumwona akiruka.

Usiku ule nilimwonyesha picha mzee mmoja tuliyekuwa tunamtunza, mtu aliyefuatilia vipepeo tangu ujana wake. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu. Akaniambia ni jike la Orange-tip. Dume ndiye mwenye ncha za rangi ya chungwa. Jike hana, ana weusi kidogo tu, ndiyo maana watu humchanganya na vipepeo weupe wengine. Ila chini ya bawa la nyuma wote wawili wana madoadoa ya kijani kama kuvu ya kwenye jiwe. Kisha akaniuliza, "Ulipomkuta alikuwa anafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Sikutazama. Nilikuwa nawaza glasi.

Basi akanieleza mwenyewe alichodhani jike yule alikuwa anafanya. Magugu yale ya kando ya uzio ni yale ambayo ukiyafikicha majani yananuka kitunguu saumu. Jike wa Orange-tip hutaga hapo, au kwenye ua jingine la mabondeni lenye rangi ya waridi hafifu, Waingereza huliita cuckooflower. Hutaga yai moja moja, kila mmea yai lake, kwa kuwa kiwavi akimkuta mwenzake mdogo humla. Akikuta mmea umeshatagiwa huuacha, akaenda kutafuta mwingine. Yai likitoka ni jeupe, baada ya siku chache linakuwa la rangi ya chungwa, na ukilijua unaliona kwa macho matupu. Zamu ilipoisha nilikwenda pale uzioni nikapiga magoti. Niliyaona mawili, kila moja limesimama peke yake chini ya ua kama punje ndogo ya mpunga. Ndiyo picha yangu ya kwanza ambayo sioni haya kuionyesha.

Tangu siku ile swali la yule mzee ndilo ninalojiuliza kabla sijabonyeza kitufe. Kipepeo aliyetoka kwenye friji hafanyi chochote, na picha yake hata iwe kali namna gani haina la kumwambia anayeitazama.

Sasa nizungumzie baridi yenyewe, maana hapo mwandishi wenu alikaribia ukweli. Ni kweli kwamba kipepeo aliyepoa hatoroki. Hana joto lake mwenyewe, misuli ya kurukia haiamki mpaka aote jua. Lakini baridi hiyo ipo nje kila alfajiri ya Aprili na Mei, bure kabisa, na kipepeo ameshajipanga nayo. Jioni huchagua mahali pa kulala pafananapo na rangi yake, akafumba mabawa, akajificha. Ukimtoa kwenye friji mchana na kumweka juu ya ua, amepooza mahali peupe, saa ambayo ndege wote wako macho, na hawezi kukimbia.

Mimi natoka kazini saa moja na nusu asubuhi. Siku ambayo mbingu iko wazi siendi moja kwa moja kulala. Nashuka kwenye malisho ya bondeni kando ya mto Itchen, chini ya kilima cha St Catherine's, mahali penye yale maua ya waridi hafifu. Natembea polepole na kutazama shina kwa shina. Dume wa Orange-tip akilala hapo anajibana chini ya kichwa cha ua, ncha zake za chungwa amezificha ndani, yanabaki madoadoa ya kijani tu. Na kijani hicho si kijani. Ukikuza picha unaona ni magamba ya njano na meusi yaliyochanganyika. Jicho letu ndilo linalotengeneza kijani. Umande umemkaa kwenye macho na kwenye vipapasio. Unaweza kumsogelea kwa simu mpaka upana wa kiganja, mradi usiliguse shina.

Ukishapiga, usiondoke. Kaa. Jua likifika bondeni, kwa kawaida baada ya saa tatu asubuhi, atasogea, atapanda juu ya ua, na atakunjua mabawa polepole ili aote joto. Kwa dakika chache anakaa hivyo, machungwa yote nje, hana haraka. Picha ambayo watu wanaitafuta kwa friji ndiyo hiyo, na anaitoa mwenyewe.

Katika miaka hii nimejifunza mambo machache ya kupiga picha, nayaandika kwa faida ya wenzangu. Kivuli chako kisimpite. Kipepeo anaogopa kivuli na mwendo wa ghafla kuliko anavyoogopa ukubwa wako. Mkaribie ukiwa chini, magoti na viwiko. Kamera iwe sambamba na mabawa, la sivyo upande mmoja utakuwa mkali na mwingine ukungu. Ninatumia kamera kuukuu niliyoinunua kwa pauni 180 na lenzi ya milimita 100 ya kupigia vitu vidogo. Mchana naiweka kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde kwa sababu upepo wa huku haupumziki, na tundu la lenzi f/8. Alfajiri simu inatosha kabisa. Na kipepeo aliyechakaa msimpuuze. Mei moja nilimkuta Painted Lady kwenye njia ya vumbi, mabawa yamefifia na kumeguka kingo. Aina hii haiwezi kuvumilia baridi ya Uingereza. Kila mwaka huja upya kutoka kusini, Afrika ya Kaskazini na hata kusini mwa Sahara, kizazi baada ya kizazi, na vuli wazao wao hurudi wakiruka juu sana. Mabawa mapya yasingeniambia hayo.

Tena, kama mtumishi wa afya: vaeni suruali ndefu mzichomeke ndani ya soksi. Kupe wapo kwenye majani marefu ya Hampshire na wanabeba ugonjwa wa Lyme. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti na kwenye kinena.

Wenzangu wengi huniuliza kama tunaruhusiwa kuingia huko mashambani. Tunaruhusiwa. Uingereza na Wales zina mtandao mkubwa wa njia za umma, nyingine zinapita katikati ya shamba la mtu, na mwenye shamba hana haki ya kukuzuia ukifuata njia. Kwenye ramani za Explorer za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi, zimechorwa kwa vistari vya kijani. Fungeni mageti, msitoke njiani penye mazao. Miaka ya mwanzo nilikuwa naona watu wananitazama, mwanamke mweusi amelala kifudifudi kwenye nyasi. Siku hizi wanaonijua wananisimamisha kuniambia wamemwona nani wapi. Kwenye hifadhi ya Magdalen Hill Down, mashariki ya mji, mama mmoja mwenye mbwa ndiye aliyenionyesha Green Hairstreak wangu wa kwanza, kipepeo mdogo kama ukucha wa dole gumba, wa kijani chenye kung'aa, ambaye naye kama Brimstone hatui amekunjua mabawa. Hujilaza upande ili jua limpige ubavuni. Basi na huyu mkileta picha yake amekunjua mabawa juu ya ua, nitaandika tena.

Kuna na sheria. Sheria ya Wanyamapori na Mashamba ya mwaka 1981 inakataza kuwakamata baadhi ya vipepeo adimu. Marsh Fritillary anayetoka Mei ni mmoja wao, na Swallowtail wa mabwawa ya Norfolk pia. Msomaji mgeni atawatambuaje kabla hajawafunika kikombe?

Lakini linaloniogopesha zaidi ya sheria ni hesabu. Yule mzee alikuwa na njia yake ya kutembea akihesabu vipepeo, na miguu ilipomkataa nikaichukua mimi. Kuhesabu huko ni mpango wa nchi nzima, ulioanza mwaka 1976. Mtu anatembea njia ileile kila wiki, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Septemba, wiki 26. Anahesabu waliomo ndani ya mita mbili na nusu kila upande na mita tano mbele, basi. Aliye nje ya hapo hahesabiwi hata awe mzuri kiasi gani. Ni kati ya saa 4:45 asubuhi na saa 9:45 alasiri, na joto likiwa chini ya nyuzi 13 huendi. Kwa mtu aliyekesha kazini si rahisi. Nalala kwa saa mbili, naamka, naenda, narudi kulala.

Nimehesabu hivyo masika yenye mvua na yenye jua, na mwaka 2024 sitausahau. Mvua haikukatika majira yote ya kuchipua. Kuna siku nilimaliza njia nzima nikaandika sifuri katika kila mstari, na fomu ya sifuri inatumwa vilevile kama nyingine. Kiangazi cha mwaka huo watu waliojitolea nchi nzima kuhesabu kwa dakika 15 waliona wastani wa vipepeo 7 tu, wakati mwaka uliotangulia walikuwa 12. Shirika la Butterfly Conservation likatangaza kwamba ni hali ya dharura. Mvua ilikuwa sababu moja. Sababu ya miaka mingi ni kwamba malisho yenye maua ya porini yamelimwa na kutiwa mbolea. Asilimia 97 yake katika Uingereza na Wales imetoweka tangu miaka ya 1930. Kipepeo asiye na pa kutagia akipata na masika mabaya, hana akiba.

Nitamtaja mmoja wa mwisho, na ninamtaja kwa sababu ya picha niliyoambatanisha. Duke of Burgundy ni kipepeo mdogo wa kahawia mwenye mirabaraba ya chungwa kama ubao wa sataranji. Katika Ulaya nzima hana ndugu mwingine wa ukoo wake. Jike hutembea kwa miguu sita, dume kwa minne, miwili ya mbele imedumaa. Anaishi Noar Hill, karibu na kijiji cha Selborne, katika mashimo ya kale yaliyochimbwa chokaa tangu Zama za Kati, ambayo sasa yamejaa nyasi na maua ya njano ya cowslip. Kutoka kwangu ni mabasi mawili na mwendo wa miguu. Nilikwenda mara nne Mei mbili mfululizo. Madume niliwapata; dume hukaa kwenye jani lake akingoja, na kila kinachopita anakifukuza kisha anarudi palepale, kwa hiyo ukijua jani lake unakaa tu. Jike sikumwona. Mara ya nne, saa saba mchana, nimekaa ukingoni mwa shimo nakula mkate wangu, nikaona jani la cowslip linatikisika na upepo hakuna. Nikainama mpaka shavu likagusa nyasi. Alikuwa chini ya jani, anatembea kichwa chini, akasimama, akapinda tumbo, akataga. Kisha akasogea akataga la pili pembeni yake.

Nilikuwa na nafasi ya picha moja. Kulia kwangu kulikuwa na cowslip nyingine, na kumfikia vizuri ningeilalia. Sikuilalia.

Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili. Kwanza, chapeni masahihisho ya ushauri ule wa friji kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, kabla Mei haijaisha, kwa sababu wasomaji wenu wako nje na simu zao sasa hivi. Pili, kuanzia sasa, kila mnapochapa picha ya kiumbe cha porini, semeni chini yake kama alikamatwa au hakukamatwa. Ni maneno mawili matatu tu.

Nimewaambatanishia picha tatu. Ya kwanza ni Brimstone kwenye ua la primrose, mabawa yamefumbwa, jua liko nyuma yake. Ya pili ni Orange-tip mwenye umande. Zote mbili ni kali na zina rangi. Ya tatu ni yule jike wa Noar Hill. Jani limeziba nusu ya picha, kichwa chake hakionekani, na bawa lina ukungu kidogo. Kinachoonekana vizuri ni ncha ya tumbo lake na yai moja jeupe. Kama nafasi ni ya picha moja, naomba iwe hiyo ya tatu, na chini yake muandike: Hakukamatwa. Anataga.

Wako,
Mtumishi wa zamu ya usiku,
Winchester, Hampshire